Neema na Daftari la Mhazini



Katika semina zetu za kamati za miradi kuna swali ambalo halikosi kuulizwa. Mara nyingi linakuja mchana, baada ya chakula, tunapofika kwenye kipindi cha hati za malipo na utunzaji wa risiti. Mzee mmoja wa kanisa anasimama, anasalimia, kisha anasema: "Ndugu Mratibu, sisi tangu kipaimara tumefundishwa kwamba mtu anahesabiwa haki kwa imani, si kwa matendo. Kazi hii tunaifanya kwa kujitolea, kwa ajili ya Mungu. Sasa makaratasi yote haya ni ya nini? Ina maana dayosisi haituamini?" Watu wanacheka kidogo, lakini ukiangalia nyuso zao unaona wengi walikuwa na swali hilo hilo, ila hawakuthubutu kulisema.

Swali hili si la mzaha. Ndani yake kuna swali kubwa zaidi: mafundisho ya imani yetu yanahusiana vipi na maisha ya kila siku? Wengi wetu tumezoea kugawa mambo katika mafungu mawili. Fungu la kwanza ni la kiroho: neema, imani, msamaha, ambayo ni kazi ya mchungaji na mahali pake ni madhabahuni. Fungu la pili ni la mradi: saruji, mbuzi wa maziwa, akaunti ya benki, ambayo tunaona ni mambo ya ofisi na wafadhili. Makala hii inajaribu kueleza kwa nini Maandiko Matakatifu hayakubali mgawanyo huo. Nitatumia mfano mmoja tu, ambao uko karibu sana na kazi yetu: mchango ambao Mtume Paulo aliukusanya kwa ajili ya maskini wa Yerusalemu.

BARUA MOJA, MAMBO MAWILI

Tuanze na Waraka kwa Warumi, ambao sisi Walutheri tunaupenda kwa namna ya pekee. Sura 11 za mwanzo zinaeleza mafundisho: dhambi ya watu wote, haki ya Mungu, imani, na rehema kwa Wayahudi na kwa mataifa. Sura ya 12 inaanza kwa kuunganisha. Paulo anachukua rehema hizo alizozieleza na kuzifanya msingi wa kuwasihi Wakristo waitoe miili yao kwa Mungu. Kuanzia hapo anazungumzia karama mbalimbali, ukarimu kwa wageni, adui mwenye njaa, kodi, na ugomvi wa wanaokula nyama na wasiokula. Yote hayo ni mambo ya nyumbani, ya sokoni na ya barazani.

Tukifika sura ya 15, tunamkuta mtume huyo huyo akieleza mpango wa safari. Ana fedha za kupeleka Yerusalemu, zilizotolewa na makanisa ya Makedonia na Akaya kwa ajili ya maskini (Rum. 15:25-28). Barua iliyotufundisha kuhesabiwa haki kwa imani inakaribia mwisho wake kwa habari ya mchango, na Paulo haoni kwamba ameshuka kutoka mambo makubwa kwenda madogo.

Vivyo hivyo Waefeso 2:8-10 inasema kwamba wokovu ni zawadi ya Mungu wala hautokani na matendo, na papo hapo inaongeza kwamba tumeumbwa katika Kristo kwa ajili ya matendo mema. Matendo hayaletii wokovu, bali wokovu ndio unaoyazaa matendo.

MCHANGO WA YERUSALEMU

Historia yake kwa ufupi ni hii. Viongozi wa kanisa la Yerusalemu walipokubaliana na Paulo kwamba yeye aende kwa mataifa, walimwomba jambo moja: asiwasahau maskini (Gal. 2:10). Hata kabla ya mchango huu mkubwa, kanisa la Antiokia lilikuwa limewahi kupeleka msaada Uyahudi kwa sababu ya njaa iliyotokea wakati wa Kaisari Klaudio (Mdo. 11:27-30). Kisha, katika miaka ya 50 baada ya Kristo, Paulo aliyaomba makanisa ya Galatia, Makedonia na Akaya yachange. Aliwaelekeza Wakorintho kwamba kila siku ya kwanza ya juma kila mtu aweke akiba kadiri alivyofanikiwa, ili wasianze kukimbizana siku atakapofika (1 Kor. 16:1-2). Wahazini wetu wanaofuatilia ahadi na bahasha wataitambua hekima hiyo mara moja.

Katika 2 Wakorintho sura ya 8 na ya 9 Paulo anaeleza mchango huo kwa urefu. Makanisa ya Makedonia yalikuwa katika umaskini mkubwa, lakini ndiyo yaliyoomba yapewe nafasi ya kutoa. Jambo la kushangaza ni maneno anayoyatumia. Katika Kigiriki chake, neno lile lile linalotaja neema ya Mungu ndilo analolitumia kuutaja mchango. Tena anauita diakonia, neno ambalo leo limeandikwa kwenye milango ya ofisi zetu nyingi. Na sababu ya kutoa anaipata katikati ya Injili yenyewe: Kristo aliyekuwa tajiri alikubali kuwa maskini kwa ajili yetu (2 Kor. 8:9). Kwa hiyo, kwa Paulo, sarafu zilizokuwa katika mfuko ule zilikuwa ni neema iliyofika mkononi mwa mtu.

KWA NINI PAULO HAKUUBEBA PEKE YAKE

Sasa turudi kwa mzee wetu wa semina. Kama kuna mtu aliyeijua neema, ni Paulo. Kama kuna mtumishi ambaye angeweza kusema "niaminini mimi, nafanya kazi ya Mungu", ni yeye. Lakini tazama alivyofanya. Kwanza, aliwaambia Wakorintho wachague wenyewe watu watakaopeleka mchango wao, nao wapewe barua za kuwatambulisha (1 Kor. 16:3-4). Pili, alipomtuma Tito kwenda Korintho kukamilisha mchango, alimtuma pamoja na ndugu wengine wawili, na mmoja wao alikuwa amechaguliwa na makanisa kwa ajili ya kazi hiyo (2 Kor. 8:16-22). Tatu, Matendo 20:4 inataja wanaume saba waliosafiri naye kuelekea Yerusalemu, wakitoka Beroya, Thesalonike, Derbe na Asia, pamoja na Timotheo. Wataalamu wengi wa Biblia wanaona kwamba hao walikuwa wajumbe wa makanisa yaliyochanga.

Sababu yake ameieleza wazi katika 2 Wakorintho 8:20-21. Hataki mtu yeyote apate nafasi ya kuwalaumu kuhusu fedha hizo nyingi, na anakusudia mambo yawe mema mbele za Bwana na vilevile mbele za watu. Hakusema hivyo kwa nadharia tu. Katika sura ya 12 ya barua hiyo hiyo tunamwona akijibu minong'ono kwamba amewanyonya Wakorintho kwa ujanja kupitia watu aliowatuma (2 Kor. 12:16-18). Hata mitume walisemwa kuhusu fedha.

Tukumbuke pia kwamba kati ya wale kumi na wawili walioitwa na Bwana mwenyewe, aliyeshika mfuko wa fedha alikuwa akichukua vilivyomo (Yn. 12:6). Kuitwa na Mungu peke yake hakukuulinda mfuko.

Hapa ndipo jibu la swali la mzee lilipo. Kuna kusimama mbele za Mungu na kuna kusimama mbele ya jirani. Mbele za Mungu hatuonyeshi risiti. Tunasimama kwa neema tupu, na daftari letu likifunguliwa pale hakuna atakayepona. Lakini jirani yangu haoni moyo wangu. Yeye anaona nilichoandika, nilichosaini na nilichojenga. Martin Luther, katika kitabu chake cha mwaka 1520 kuhusu uhuru wa Mkristo, alifundisha kwamba Mkristo hahitaji matendo ili apate haki, na kwa sababu hiyo yuko huru kuyatoa matendo yake yote kwa faida ya jirani. Risiti ni mojawapo ya matendo hayo. Haitupeleki mbinguni. Inampa jirani amani.

Na kuna jambo zaidi. Mtu ambaye bado anajitafutia haki huogopa kukaguliwa, kwa sababu kosa likionekana anahisi amekwisha. Mtu aliyekwisha kupokewa na Mungu anaweza kusema, "Hapa nilikosea hesabu, tusaidiane kurekebisha." Kwa hiyo fundisho la neema ndilo linalotupa ujasiri wa kuyafungua madaftari yetu.

TANGI LILILOJAA MAJI

Naomba niseme jambo ambalo mimi mwenyewe nilishiriki kulikosea. Miaka kadhaa iliyopita, nikiwa bado mgeni katika kazi hii, usharika mmoja ulijenga tangi la kuvuna maji ya mvua kutoka kwenye paa la kanisa. Mwenyekiti wa kamati alikuwa mwalimu mstaafu aliyeheshimika sana. Awamu ya pili ya fedha ilichelewa kufika, na mafundi walikuwa wanadai. Mwenyekiti alitoa fedha zake mfukoni akanunua saruji na nondo na kuwalipa vibarua ili kazi isisimame. Fedha zilipofika, alijirudishia. Hakuandika alichotoa, wala hakuandika alichorudisha. Risiti nyingine zilipotea, nyingine hazikuwahi kuombwa.

Tangi lilikamilika, likajaa maji, na linatumika. Lakini ulipofika wakati wa taarifa, karibu robo ya matumizi haikuwa na hati yoyote. Nilipaswa kwenda kukaa na kamati, kuwaita mafundi na mwenye duka, na kuandika kila kitu wakati watu bado wanakumbuka. Sikwenda. Nilikaa ofisini nikaandika taarifa nzuri, na kiasi kilichobaki nikakiita "matumizi mengineyo". Wahisani waliuliza, sikuwa na jibu, na awamu iliyofuata, ya kuvuna maji katika shule ya msingi ya jirani, haikutolewa.

Kijijini maneno yalianza. Mwaka huo huo mwenyekiti alikuwa ameezeka nyumba yake mabati mapya, na watu wakaunganisha. Mzee yule aliacha kukaa kiti cha mbele kanisani. Akafariki kabla jambo lile halijasafishwa. Mpaka leo sijakutana na mtu mwenye ushahidi kwamba alichukua hata shilingi moja. Wala sijakutana na mwenye ushahidi kwamba hakuchukua. Kwa kweli yale makaratasi aliyoyaona ni usumbufu ndiyo peke yake yangeweza kumtetea, na mimi niliyepaswa kumsaidia kuyapata ndiye niliyeyafunika.

Nilipokwenda kuomba radhi katika baraza la wazee, bibi mmoja ambaye kila Jumapili alikuwa akileta mayai ya mnada wa kuchangia tangi aliniuliza, "Mwanangu, mayai yangu yamo kwenye tangi au hayamo?" Nilishindwa kumjibu. Nililolijifunza siku ile ni kwamba wafadhili wa kwanza wa kila mradi ni watu kama bibi yule, na wao wana haki ya kupata taarifa kabla ya mtu yeyote wa mbali.

SANDUKU LENYE KUFULI NNE

Wengine hudhani kwamba uwazi na uwajibikaji ni maneno mapya yaliyoletwa na mashirika ya siku hizi. Sivyo. Mwaka 1523 Wakristo wa Leisnig, mji mdogo wa Saksonia nchini Ujerumani, walitunga utaratibu wa sanduku la pamoja la usharika, na Luther akauandikia dibaji. Leisnig hauko mbali na Leipzig, mji ambao jina lake linajulikana kwa Walutheri wa Kilimanjaro tangu wamisionari wa Leipzig walipofika huko mwaka 1893. Fedha za sanduku hilo zilikusudiwa kuwatunza wachungaji, shule, majengo na maskini.

Wasimamizi walikuwa kumi, wakichaguliwa kila mwaka: wawili kutoka familia za kikabaila, wawili kutoka baraza la mji, watatu kutoka kwa raia wa kawaida wa mji, na watatu kutoka kwa wakulima wa vijijini. Sanduku lenyewe lilikuwa na kufuli nne, na kila kundi lilikuwa na ufunguo wake. Mkulima alikuwa na ufunguo sawa na kabaila, na hakuna aliyeweza kufungua bila wenzake. Wasimamizi walitakiwa kutoa hesabu mbele ya kusanyiko. Utaratibu huo haukutekelezwa kwa urahisi. Palitokea mvutano na baraza la mji juu ya kukabidhi mali. Hata hivyo unatuonyesha jambo muhimu: watu wale wale waliokuwa wakihubiri haki kwa imani peke yake ndio walioweka kufuli nne kwenye sanduku. Hawakuona kwamba wanapingana na mafundisho yao.

NENO KWA MARAFIKI ZETU WANAOTOA

Maandiko hayazungumzi na wanaopokea tu. Wakorintho walikuwa wameahidi tangu mwaka uliotangulia, na Paulo aliwahimiza wakamilishe, akatuma ndugu mbele ili ahadi iwe tayari (2 Kor. 8:10-11, 9:3-5). Kutimiza ahadi kwa wakati ni sehemu ya uaminifu. Mnaona katika habari ya tangi jinsi fedha zilizochelewa zilivyomweka mtu mwema mahali pa hatari. Lawama ya uchelewaji siigawi hapa, kwa sababu fedha hupita mikono mingi, ikiwemo ya ofisi yetu.

Pia Paulo anasema lengo ni usawa: ziada ya hawa ikidhi upungufu wa wale, na kesho iwe kinyume chake, kama ilivyokuwa kwa mana jangwani (2 Kor. 8:13-15). Tena anawakumbusha watoaji kwamba wao ni wadeni, kwa kuwa Injili iliwafikia kutoka Yerusalemu (Rum. 15:27). Kwa hiyo anayetoa na anayepokea ni washirika. Tunawaomba mzidi kutuuliza maswali magumu. Na tunaomba maswali hayo yaje katika fomu ambazo mhazini wa kijijini, anayeandika kwa mkono jioni baada ya shamba, anaweza kuzijaza kwa ukweli.

KAMATI ZIFANYE NINI

Kutokana na mafundisho haya, tunazishauri kamati zote za sharika zizingatie mambo yafuatayo:

1. Fedha za mradi zisishikwe wala zisihesabiwe na mtu mmoja. Watia saini benki wasipungue wawili, na wasiwe wa nyumba moja.

2. Sadaka na michango isipokelewe katika namba ya simu ya mtu binafsi. Kufuli yake moja haitoshi.

3. Mtu akikopesha mradi fedha zake, iandikwe siku hiyo hiyo, isainiwe na wengine wawili, na kurudishiwa kwake kuandikwe vivyo hivyo.

4. Pale ambapo muuzaji hana risiti, kama mwenye mchanga au kibarua, iandaliwe hati ya malipo na mpokeaji asaini au aweke dole gumba.

5. Vibarua walipwe kwa wakati. Mambo ya Walawi 19:13 inakataza ujira wa kibarua kulala kwa mwajiri mpaka asubuhi.

6. Mapato na matumizi yasomwe kanisani kila robo mwaka, kwa lugha ambayo bibi wa mayai ataielewa, na nakala ibandikwe kwenye ubao wa matangazo.

7. Kosa likigundulika, lisemwe mapema katika kamati na ofisi ya miradi ijulishwe. Tumekubaliana ofisini kwamba anayeleta kosa lake mwenyewe atasaidiwa kwanza.

MASWALI YA KUJADILI

Mnaweza kusoma pamoja 2 Wakorintho 8:16-21 na kujiuliza: Katika usharika wetu funguo ziko ngapi, na zimeshikwa na nani? Je, mhazini wetu akifariki usiku huu, daftari lake litaweza kumsemea? Mara ya mwisho waliochanga kidogo kidogo kupewa taarifa ilikuwa lini?

Wapendwa, Bwana ametupokea bure, na hilo halitabadilishwa na hesabu yoyote. Kwa kuwa tumepokewa bure, tuwape ndugu zetu kile ambacho Mungu hakihitaji lakini wao wanakihitaji: maandishi yaliyo wazi, yenye tarehe na saini. Ili siku bibi atakapouliza kuhusu mayai yake, tufungue daftari na kumwonyesha kwa kidole mahali yalipo.

Mungu awabariki katika utumishi wenu.

Mratibu wa Miradi ya Dayosisi